Mteremko Usio na Mtu

Tetu, 12 Januari 2025

Kwa ndugu yangu Wamae,

Huku tuko, hatujafa, na kama tungekufa ungesikia kwa redio, maana simu zangu hushiki. Mama anakusalimia. Magoti yanamsumbua lakini mdomo uko salama kabisa. Ng'ombe amezaa ndama dume, kwa hivyo hakuna cha kushangilia. Msalimie mkeo Shiku, mwambie ile sweta aliyomletea Mama ilimbana shingo, lakini Mama ameuvalisha mto na mto umependeza.

Naandika barua kwa sababu Mama anasema simu ni kiziwi. Masikio yake hayana neno, ni simu. Anataka barua, nimsomee jioni tukiwa jikoni, na arudiwe sehemu anazozipenda. Mimi nami naona barua haiwezi kukatwa katikati na mtu anayedai yuko kwenye mkutano. Hii inakuja na lori la Kulmiye, yule mfanyabiashara wa mbuzi wa huko kwenu Nanyuki. Ikinuka usinilaumu.

Sasa maneno yenyewe. Watu wa mipango walituita uwanja wa shule. Aliyezungumza ni mama mmoja anaitwa Bi. Phelister, si mtu wa huku, mpole, na Kiswahili chake kinamshinda chifu mbali. Alisema wanaongeza ardhi kwenye eneo la mandhari ya asili linalolindwa. Msitu tayari umo. Sasa wanataka na mashamba yaliyo chini ya msitu, yenye chemchemi, miti ya kienyeji na mahali pa kuuona mlima vizuri. Sikujua kama kuutazama mlima nako kunawekewa mpango, lakini basi. Shamba likiingia ndani ya mstari, hakuna kujenga nyumba mpya hapo, na mti haukatwi bila ruhusa. Nyumba iliyokuwapo inabaki, na mwenyewe anaweza kuibomoa aijenge upya kwa mawe.

Miti sina ugomvi nayo. Ile miiri na mikoigo ya mteremkoni nimeilinda mimi dhidi ya wachoma makaa kabla hawa hawajajua kwamba iko. Shida ni kwamba kwenye ramani yao mteremko wangu wote umo ndani ya mstari, na nyumba yangu haikuchorwa. Nimeishi pale tangu nilipoachana na yule mwanamume wa Kagio. Ni nyumba ya mbao, sawa, lakini ina mlango, na kila asubuhi anayetoka mlangoni ni mimi. Mwaka huu nilitaka kuanza msingi wa mawe, na hilo unalijua. Ni wewe uliyenigawia mteremko tulipomzika Baba, ukasema ndiyo sehemu yenye hewa.

Hati bado ina jina la Baba na msimamizi wa mirathi ni wewe, kwa hivyo barua ya familia wanaikubali kutoka kwako tu. Waandikie kwamba dada yako anaishi pale. Wasipojua hivyo kabla hawajachora mstari wa mwisho, sitajenga kamwe, nitazeekea kwenye mbao zinazooza.

Ni mimi, Watiri.


Nanyuki, 9 Februari 2025

Kwa dada yangu mpendwa Watiri, na kwa Mama atakayesomewa,

Pokeeni salamu nyingi kutoka mji huu wenye vumbi na baraka. Shiku ni mzima, amechaguliwa kamati ya ujenzi wa kanisa na sasa hata nyumbani anaongea kama mwenyekiti. Duka la vifaa vya ujenzi linaenda polepole lakini halijafunga. Mama, nakukumbuka kila siku, hasa nikiifikiria ile nyumba ya mawe niliyokujengea. Natumaini paa halivuji.

Barua ilifika ikiwa imetafunwa pembeni, nadhani na mbuzi, ila maana yake nimeipata.

Dada, mambo ya mpango hayataki pupa. Kuna watu ninaowajua, na watu hao pia wanajua watu. Nitaandika kwa lugha inayofaa ofisini, usiwe na wasiwasi.

Nina maswali madogo. Ukisimama uwanjani kwa Mama asubuhi, mlima huonekana mpaka saa ngapi kabla haujafunikwa na mawingu? Na ile miparachichi uliyopanda mteremkoni, itakuwa mirefu kiasi gani? Ni kutaka kujua tu. Pia kuna fundi atakuja kupigilia vigingi kwenye uwanja wa Mama. Asishtuke, ni vipimo vya kawaida.

Mungu awalinde.

Ndugu yako, Wamae.


Tetu, 23 Februari 2025

Wamae wa Mama,

Salamu zako nimezisoma mara mbili kwa amri. Mama alipenda sana ile ya Shiku na kamati. Ile ya nyumba ya mawe alisema ameizoea, huja kwenye kila barua.

Paa halivuji. Mlima huonekana mpaka kama saa tatu hivi, halafu hujifunika kama mtu aliyeona wageni asiowataka. Miparachichi ni ya kupandikizwa, haitamzidi mtu sana. Nimekujibu yote hata bila kujua unajibiwa nini.

Fundi alikuja. Amepigilia vigingi kuanzia jiko la Mama mpaka ukingoni ambapo mteremko wangu unaanza. Nilimuuliza ni vya nini, akaniambia, "Mimi naambiwa pima, napima. Lakini madirisha yote iko upande ya mlima." Nikamuuliza madirisha ya nani, akakumbuka ameacha pikipiki kwenye jua. Mama amekifunga kile kindama kwenye kigingi kimoja, anasema ni kigingi kizuri.

Sitakuuliza madirisha ni ya nini. Nakuuliza jambo moja tu, na Mama yuko hapa anasikia ninavyoliandika: umewaandikia?

Watiri.


Nanyuki, 30 Machi 2025

Kwa dada yangu Watiri, na Mama mpendwa,

Mnisamehe kwa kukawia. Shiku alikuwa na homa, mimi nilikuwa na mgongo, na lori la Kulmiye lilikuwa gereji. Sasa tumepona sote, pamoja na lori.

Nina habari njema. Nimewaandikia! Nilikaa na barua hiyo siku nzima dukani, hata wateja wa misumari nikawaambia wasubiri. Ili mfurahi pamoja nami nawanakilia sehemu yenyewe:

"Familia yetu inaunga mkono juhudi za kulinda mandhari. Hatuna pingamizi sehemu ya chini yenye mteremko kuingizwa katika mpango, kwa kuwa hakuna mtu anayeishi hapo. Makazi ya familia yako sehemu ya juu, nayo tunaomba iachwe nje."

Mmeona nilivyoipanga? Tunawapa kile wanachokitaka, tunabaki na shamba zuri la juu, na tunaonekana watu wa kupenda mazingira. Watiri, wewe utaendelea kukaa pale kama kawaida, nani atakuja kukuondoa? Ila hiyo habari ya mawe tuiweke kando. Mbao zina joto kuliko mawe, hata wazungu hujenga kwa mbao.

Mama, endelea kuliombea duka.

Wenu, Wamae.


Tetu, 6 Aprili 2025

Wamae,

Leo salamu ni chache. Ng'ombe ni mzima.

Barua yako niliisoma kwa sauti, kama kawaida yetu, mimi nikiwa kwenye kile kigoda kifupi na Mama akipepeta maharagwe. Nilikuwa nasoma haraka kwa sababu ulianza kwa raha. Nilipofika pale penye "hakuna mtu", mdomo ulikuwa umeshatangulia, ukaitoa sentensi yote. Mama aliomba nimrudie sehemu hiyo, nikamrudia. Akaendelea kupepeta.

Nitakwambia nilivyosikia, maana wewe hukuniuliza. Niliona aibu. Mtu mzima wa umri wangu, nilimwonea mama yangu aibu, kama aliyekutwa amelala kwa nyumba ya watu. Halafu nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo, naamka nayo na kulala nayo. Nimekuandikia mara mbili kwamba naishi pale, na wewe ukakaa siku nzima dukani kuandika kwamba siishi. Ulipokuja Krismasi ulikunywa chai wapi? Ulikunywa kwangu, vikombe viwili, ukasema ina maji.

Asubuhi yake Mama aliamka kabla yangu. Nilipopanda kumpelekea maziwa nilimkuta amezima jiko na kuyang'oa mafiga yote matatu, yale mawe aliyokuja nayo siku ile Baba alipomwoa. Makaa yaliyowaka alikuwa ameyaweka kwenye chungu na kuyafunika kwa majivu. Akaniambia nikaite akina mama wa kikundi chetu cha kuchuma chai. Walikuja na toroli. Walimuuliza anahamia wapi, akasema, "Naenda kwa mtu."

Unajua kwetu mwanamke akihama hahami na kitanda. Anahama na mafiga na moto wake, na moto wa mama ulipo ndipo nyumbani. Mawe yalishuka kwa toroli na Mama akashuka nyuma yake akiwa ameshikwa mikono huku na huku, akiwalaumu njia nzima kwamba wanamshika kama mzigo wa majani. Jioni alikuwa amepika kwangu. Nyumba yako ya mawe ameifunga, ufunguo ameuweka kwenye kilemba.

Nakukumbusha tu, kama umesahau ukiwa huko kwa vumbi na baraka, kwamba kijana akija nyumbani hula kwanza kwenye moto wa mama yake. Siku utakapokuja utashuka.

Watiri.


Nanyuki, 14 Aprili 2025

Dada,

Umenikosea kuisoma vile. "Hakuna mtu anayeishi hapo" ni lugha ya ofisini. Maana yake ni kwamba hakuna nyumba ya kudumu. Kila mtu wa ofisi anaelewa hivyo.

Mwambie Mama arudi juu. Mteremko si mahali pa magoti yake, na nyumba ya mawe ikikaa bila moto hushika unyevu. Mambo ya vigingi tutaongea ana kwa ana, si ya kuandikwa. Shiku amesoma barua yako kabla yangu na tangu hapo ananipikia bila kuongea, chakula chenyewe hakina chumvi.

Wamae.


Tetu, 18 Mei 2025

Wamae,

Mama ni mzima, amenenepa. Asubuhi anaketi mlangoni kwangu na kuukosoa mlima. Msalimie Shiku kwa heshima zote, na umwambie asirudishe chumvi bado.

Wiki hii Bi. Phelister alikuja na wenzake kuhakikisha kile familia zilichoandika, shamba kwa shamba. Walianzia juu kwa sababu barua yako ilisema makazi yako juu. Waligonga. Wakachungulia dirishani. Wakaona vigingi vyako na kindama. Alipoteremka kwangu viatu vyake vilikuwa na matope hadi kwenye vifundo, na mimi sikucheka, ila Mama alicheka.

Alitueleza kwamba hao hawajali mbao wala mawe. Wanachoita makazi ni mahali panapopikwa na kulalwa. Sufuria ya githeri ilikuwa motoni, ikajieleza yenyewe. Akamuuliza Mama nani anaishi hapa. Mama akamwambia, "Mimi na msichana wangu." Akamuuliza na kule juu je. Mama akamwambia kule ni kwa kijana wake wa Nanyuki, ni kuzuri sana, hakuna mtu anayesumbua.

Basi sikiliza kilichotokea. Sehemu ya juu haina mtu, iko wazi, na mlima unaonekana vizuri kuliko popote kwenye kilima hiki. Bi. Phelister alisimama pale kwenye vigingi vyako akasema ndiyo hasa mandhari waliyokuwa wakiitafuta. Imeingia kwenye mapendekezo. Ukitaka kujenga vyumba vya wageni wa kuangalia mlima, na sasa naandika wazi kwa sababu fundi wako alirudi kuchukua pesa yake na Mama akamhoji, basi utavijenga kwa maombi. Sitadanganya, nililala vizuri usiku huo.

Lakini usidhani nimeshinda. Nilimuuliza kuhusu mteremko wangu, akasema ameona kwa macho yake kwamba tuko, na ameandika hivyo. Ila barua ya familia ina sahihi ya msimamizi wa mirathi, na hiyo inasema hatupo. Yeye hawezi kuifuta. Atarudi katikati ya mwezi wa sita, na aliyeiandika asipoibadilisha kwa mdomo wake mwenyewe, mstari utapita juu ya mlango wangu.

Kwa hivyo nimerudi pale pale nilipoanza Januari, nikikuomba. Sipendi kuomba. Ningekuwa na njia nyingine yoyote ningeitumia na kukupita kama sikuoni.

Watiri.


Tetu, JUU, 9 Juni 2025

Kwa dada yangu Watiri,

Natumaini mnaendelea vyema huko chini. Mimi nimefika jana kwa gari la mwisho na kumkuta Mama amelala, nikapewa ufunguo kupitia dirishani na mkono ambao nadhani ulikuwa wako.

Nimekuja kuishi hapa mpaka Bi. Phelister arudi. Wakisema makazi ni mahali panapopikwa, basi nitapika. Jiko la Mama halina mawe, nimetumia matofali. Yamelala upande mmoja, sufuria pia, maharagwe pia. Kuni zako ni mbichi, zinatoa moshi na hazitoi moto. Nimekula mkate.

Anayekuletea barua hii ni mama wa kikundi chenu aliyepita na kikapu. Amenitazama nikipuliza moto na nadhani atawaeleza mengine. Naomba makaa kidogo na chumvi.

Wamae.


Tetu, CHINI, 9 Juni 2025

Wamae,

Kweli ametueleza. Mama amecheka mpaka ikabidi alale kitandani.

Kuni ni zako, mimi kwangu ni kavu. Mama anasema makaa hayapandi mlima, ni mtu anayeshuka. Chakula kiko tayari. Kama ni aibu inayokuzuia, ile yangu nilishaivaa tangu Aprili na bado natembea.

Chumvi hii hapa.

Watiri.


Tetu, JUU, 17 Juni 2025

Dada,

Sikushuka. Nakuandikia kwa sababu kuna mambo nikija hapo nitakunywa chai nisiyaseme, najijua.

Wiki hii nimepika kila siku. Nimeunguza maharagwe mara nyingi kuliko nilivyoyaivisha. Shiku alipiga simu, nikamwambia nimepika ugali, akakata akidhani amekosea nambari. Kazi yangu nyingine imekuwa kukaa uwanjani. Nilitaka kujua mwenyewe wageni wangekuwa wanaona nini kwenye yale madirisha, kwa hivyo kila asubuhi naamka kabla ya jua na kukalia kigingi.

Mlima hautangulii. Kabla haujatoka kwenye giza, kuna mlango unaofunguliwa huko chini. Kisha moshi. Kisha wewe unatoka na ndoo, umejifunga ile leso ya kijani, unaenda kwa ng'ombe, unaongea naye na sauti inafika mpaka hapa ingawa maneno hayafiki. Mlima unakuja baadaye kabisa. Nimeona hivyo kila siku niliyokaa hapa. Nilikuwa nimepanga kuwatoza watu pesa wautazame mlima, wewe wasikuone.

Bi. Phelister amekuja leo asubuhi akanikuta nikipika. Nilimpa maharagwe, akaonja kijiko kimoja na kuweka sahani chini taratibu, akasema hapa kwa kweli pana mtu anayeishi, hakuna anayeweza kupika hivi kwa kuigiza. Kuhusu juu atapeleka taarifa na wakubwa wake wataamua. Wakisema imo ndani, imo. Nimechoka kuipigania na nimechoka na matofali haya.

Halafu tukasimama ukingoni. Alikuwa na ile barua yangu mkononi, akaniuliza kama bado ninasimama na maneno niliyoyaandika. Nikamwambia hapana. Akasema basi nimjibu upya yeye mwenyewe, ayaandike, nitie sahihi. Akaonyesha huko chini kwenye moshi na kuniuliza nani anaishi pale.

Nikamwambia, "Dada yangu."

Ndugu yako, Wamae.